Fundi Hayumo Kwenye Logibuku

"Hebu nenda stoo ukaniletee pamba ya kufutia."

Kijana wa atachi, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi, akafuta mikono kwenye ovaroli yake mpya, akaenda. Mimi nilikuwa mlangoni mwa karakana nikingoja simu ya wakala wa meli, na pale niliposimama niliiona pamba ya kufutia, furushi zima, juu ya benchi, karibu kabisa na leti, mashine ya kukereza chuma. Fundi naye aliiona. Alisubiri mpaka kijana akapotelea nyuma ya kontena, akazima mashine, akaingiza maikromita ya ndani kwenye bushi ya bronzi, bomba fupi ambamo shafti huzunguka, akapima, akaguna, akawasha tena na kukwangua kiasi cha kuonekana kwa shida. Akapima mara ya pili. Kijana aliporudi na pamba yake, bushi ilikuwa imeshafunguliwa iko mezani, inang'aa.

"Ishaisha, ami?"

"Ishaisha. Kaiweke kwenye presi."

Wakati wa chai ya saa nne, mahamri mkononi, nikamuuliza fundi kwa nini alimwondoa yule mtoto. Hakujificha wala hakutafuta kisingizio.

"Injinia, pale ndipo penye riziki yangu. Huyu akishapajua, atarudi hapa na diploma yake awe bosi wangu. Nami nitabaki na nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nimekaa na jibu hilo wiki nyingi sasa. Nimelibeba kwenye matatu, nimelala nalo, nimejaribu kulijibu nikiwa peke yangu na kila mara likanishinda mahali tofauti.

Kitu chenyewe kilichofichwa

Asiyekaa karakana anaweza kudhani fundi alificha siri kubwa. Ni jambo la maikroni chache, yaani sehemu za elfu za milimita. Bushi ya shafti, iwe ya boti au ya pampu, hukerezwa nje iwe kubwa kidogo kuliko tundu itakamokaa, ili presi iisukume kwa nguvu na isije ikazunguka humo. Ikishaingia imebanwa pande zote, na sehemu kubwa ya mbano ule huhamia ndani. Tundu la bushi hupungua. Ukiwa umelitoboa kwa kipimo kamili kabla ya kukaza, shafti haitapita, au itapita kwa kubishana, ikose nafasi ya mafuta, na boti lirudi gatini Mbaraki na shafti iliyoungua.

Kwa hiyo fundi huacha ziada. Kiasi gani? Hapo ndipo penye maneno. Inategemea unene wa ukuta wa bushi, aina ya bronzi, na kama hauzingi, yaani kile chuma chenye tundu ambamo bushi hukaa, ni chuma cha kusubu au bamba lililochomelewa. Vitabu vina hesabu zake, nzuri kabisa, kwa mali mpya. Lakini boti la uvuvi lililofanya kazi miaka na miaka halina mali mpya. Hauzingi yake imeshakaziwa na kung'olewa bushi nyingi, imepigwa nyundo na watu wenye haraka, na haiko duara tena. Hesabu itakufikisha nusu ya njia. Nusu iliyobaki iko kwenye vidole vya mzee aliyeanza kukereza kabla kijana yule hajazaliwa.

Nusu hiyo ndiyo iliyompita kijana akiwa stoo.

Barua za Aprili

Msimu mnaujua. Likizo ndefu ya vyuo ikikaribia, barua huanza kumiminika kwa mlinzi. Za Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, ambacho wazee wetu bado wanakiita Poli ingawa kimekuwa chuo kikuu tangu 2013. Za vyuo vya ufundi vya Pwani. Za Nairobi na Eldoret, kutoka kwa vijana wenye shangazi Likoni wa kuwapa pa kulala. Barua ya chuo, nakala ya kitambulisho, bima ya ajali, logibuku. Wanakaa kama miezi mitatu, wengi bila senti, na nauli ni juu yao. Wa Likoni angalau feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu. Wa Mtwapa wana habari yao.

Nami ndiye ninayewapokea, kwa sababu mimi ndiye injinia na fomu inataka injinia.

Saini yangu, kazi ya nani?

Logibuku ya atachi ina nafasi ya kuandika ulichofanya kila siku, nafasi ya mchoro wa wiki, na chini yake maoni na saini ya msimamizi wa kampuni. Halafu kuna sehemu ya mwalimu wa chuo, anayekuja kukagua, akanywa soda ofisini, akauliza maswali matatu au manne na kuondoka kabla jua halijawa kali.

Fundi hayumo.

Hakuna mstari wa jina lake. Mtu anayesimama na mwanafunzi kutwa nzima, anayempigia kelele avue pete na afunge mikono ya ovaroli kabla leti haijamvuta, anayeamua leo ataona nini na nini hatakiona, kwa hesabu ya karatasi hayupo duniani. Mimi ninayepita mara chache kwa siku, simu sikioni, ndiye niliyeandikwa kwamba nimefundisha.

Wiki ile ya pamba, kijana aliniletea ukurasa wake. Mchoro ulikuwa safi kuliko michoro yangu ya chuoni. Bushi imekatwa katikati kuonyesha ndani, mishale imekaa sawa, vipimo vyote vipo. Kipimo cha tundu kabla ya presi na baada ya presi kilikuwa kile kile. Nikamwambia akapime bushi yenyewe, ilikuwa bado haijaondoka. Akarudi amekunja uso.

"Injinia, maikromita yetu imeharibika."

Maikromita haikuwa na neno.

Nilimweleza. Ilichukua dakika kumi na kipande cha chaki sakafuni, na alielewa upesi, kwa sababu nguvu za vitu alizisoma na alizipenda. Lakini nilimweleza nusu ya kitabuni, maana hiyo ndiyo niliyonayo. Ile ya vidole siwezi kumpa mtu. Nikimwambia fundi akereze, nampa mchoro na tarehe. Namna atakavyoifikia ni yake.

Mchoyo au mwenye hesabu?

Mwanzoni nilimwona mchoyo. Elimu haipungui kwa kugawiwa, tuliambiwa tangu madrasa. Ni kweli haipungui. Bei yake je?

Tazama alivyo. Mkataba wa miezi, unaisha, unaandikwa upya, kila mara na wasiwasi ule ule. Hana cheti hata kimoja. Aliwahi kumfundisha kijana mmoja wa atachi kwa moyo wote, mpaka kukata nyuzi za skrubu ndani ya tundu, kazi inayowatoa jasho hata waliokaa miaka. Kijana akamaliza chuo, akarudi akaajiriwa msimamizi, na mshahara wake wa kwanza ukampita mwalimu wake. Haikuwa hila ya mtu. Daraja za mishahara zimeandikwa hivyo, na mwenye cheti ana daraja yake. Fundi hakumchukia yule kijana, hata kwenye harusi yake alikwenda. Alichojifunza tu ni kwamba mlango ule ukiufungua, anayepita ni mwingine.

Halafu kuna upande wa kampuni, na hapa nitasema mambo ambayo wakubwa wangu hawatayapenda wakiyasoma. Kila kazi kwetu ina kadi, na kadi ina saa. Meli ikilala gatini, kila siku mwenyewe analipa, na wakala anapiga simu kuuliza shafti imefika wapi. Mwanafunzi akishika mashine, kazi ya saa moja inakuwa ya saa tatu. Akiharibu, bronzi inauzwa kwa kilo na si rahisi. Zile saa mbili zilizozidi ni za nani? Kwenye kadi hazina pa kuandikwa. Kile kipande kilichoharibika ni cha nani? Kwenye kadi ni cha fundi, na atakayesimama mbele ya meneja kueleza ni fundi.

Sasa mtu ambaye saa zake zinahesabiwa, chuma chake kinahesabiwa, na mafundisho yake hayahesabiwi, tunashangaa nini akimpa mwanafunzi ufagio?

Serikali inajua kwamba mafunzo yana gharama. Ndiyo maana mwajiri anatakiwa kulipa ada ya mafunzo kwa NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Karakana ya watu 60 ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Hela hiyo haipiti karibu na leti. Na sisi mainjinia tumejiwekea utaratibu wetu: ukitoka chuo unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi si chini ya miaka mitatu, ndipo Bodi ya Wahandisi inakufikiria uwe mhandisi kamili. Tunajua, basi, kuhesabu miaka ya mtu kukaa na mjuzi. Tunaihesabu tukiwa wenyewe kwa wenyewe.

Siku moja nilimrudia na hoja niliyodhani ni nzito. Nikamwuliza: wewe ulifundishwa na nani?

"Na Mhindi mmoja mzee, kule bandarini. Kila akitaka kupima alinituma chai."

"Ukajuaje basi?"

"Niliiba kwa macho, injinia. Mbona wao wasiibe?"

Sikuwa na jibu papo hapo. Lilinijia nikiwa njiani, Makupa, matatu imesimama kama kawaida yake. Yeye aliiba kwa macho miaka sita. Hawa wana miezi mitatu, na mwezi wa kwanza unaisha wakijua choo kiko wapi. Kwa muda huo utakachoiba kwa macho ni namna ya kufagia.

Na bado, niwe mkweli, si kila anayemtuma mtoto stoo anaficha. Wapo wanaoogopa. Leti haijui mgeni. Ikishika kitambaa inashika na mkono. Wanafunzi wengine huja wamevaa viatu vya raba na simu mfukoni inalia. Mwanafunzi si mwajiriwa, bima yake ni karatasi iliyonunuliwa na chuo, na fundi hana hamu ya kuwa yeye aliyesimama hapo kidole kikienda. Nimeshindwa kuchora mstari unaotenganisha woga na uchoyo. Kwa mtu yule yule, asubuhi ni hiki, jioni ni kile.

Binti wa michoro

Kwenye kundi lile lile alikuwepo binti mmoja. Kama ilivyo ada, na ni ada mbaya, alikuwa ameshapelekwa ofisini apange mafaili. Alikuja kwangu akaomba kushuka chini. Nikamkabidhi kwa mzee yule yule, bila matumaini makubwa.

Siku hizo ilikuwa imeingia kazi ya pampu kutoka kwa mteja mpya, na michoro yao ilikuwa ya kisasa, imejaa alama. Milimita 50, kisha H7 upande mmoja, p6 upande wa pili, bila neno jingine. Fundi wetu amezoea kuambiwa "ikae ngumu" au "iteleze". Aliigeuza ile karatasi huku na huku, akaiweka chini ya vania, kile kipimio chake, akaenda kuswali adhuhuri. Hakuuliza mtu. Mzee wa miaka yake haulizi.

Aliporudi, binti alikuwa ameshachora jedwali dogo nyuma ya kadi ya kazi. Hakumsomea, alimwachia tu hapo alipoweza kuliona. Tundu la 50, H7: linaruhusiwa kuzidi kwa maikroni 0 hadi 25. Bushi, p6: izidi kwa maikroni 26 hadi 42. Tofauti ndogo kabisa maikroni 1, kubwa kabisa 42.

Mzee akalitazama kwa muda.

"Kumbe ndiyo hii wanayoandika."

"Ndiyo hiyo, ami."

"Basi 42 ni nyingi. Kwa ukuta mwembamba huu, ndani itajifunga, shafti ikatae."

"Itajifunga kiasi gani?"

Nilikuwa juu ya ngazi za ofisi. Nilitega sikio nikingoja atumwe stoo.

Hakutumwa. Mzee akamwita karibu, akamwonyesha anavyopima sehemu tatu kwa sababu hauzingi si duara, anavyochagua ile iliyo finyu, anavyotoa ziada kulingana nayo. Akamwambia ashike maikromita mwenyewe, na mara ya kwanza aliikaza kupita kiasi kama wote wanavyofanya. Juma lililofuata walikuwa wakichemsha beringi kwenye mafuta. Mzee alimwonyesha tone la mate linavyochachatika, maana yake nyuzi 100 zimepita. Binti akatia kipimajoto na kusema isivuke 120, chuma cha beringi kisije kikalegea. Wakabishana kidogo kuhusu nyuzi 120. Sikumbuki kumwona mzee akibishana na mwanafunzi kabla ya hapo. Huwa anawaambia tu.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mgeni huwa tunamngoja atupe mkono wa bure wa kufagia. Yule binti alileta kitu ambacho mwenyeji alikihitaji na hakuwa na pa kukiomba bila kujishusha, na alikiweka mezani kwa adabu. Sijui kama alipanga. Nadhani alilelewa tu.

Msinielewe kwamba mambo yamenyooka. Kijana wa pamba aliendelea kutumwa pamba. Mafundi wawili wa kuchomelea walilalamika kwamba mzee anamdekeza yule msichana. Na mzee mwenyewe nilipomtania kwamba naona riziki ameanza kuigawa, alinijibu kavu: "Nimebadilishana. Sikugawa."

Mtihani asioutaka

Jibu hilo lilinigeuza kuliko hotuba yoyote. Mtu anayekubali kubadilishana ana bei yake. Basi mpe bei.

Bei moja ipo tayari na ni rasmi. NITA ina mitihani ya ufundi ya daraja, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga chuo anaweza kuifanya kwa ujuzi wa mikono yake. Nikamwambia mzee aende. Kwa anachokijua, daraja la kwanza lisingemsumbua. Binti akajitolea kumjazia fomu.

Alikataa.

Sababu aliyoitoa ni kwamba hawezi kusimamiwa mtihani na mtoto wa jana. Sababu ambayo hakuitoa, nadhani, ni sehemu ya maandishi. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akiheshimiwa kwa mikono haendi kwa hiari kukaa kwenye dawati ambapo mikono haitamsaidia. Nimelizungusha suala hili mara nyingi. Sidhani ni haki kumwambia mtu kwamba ili tumtambue kama mwalimu, kwanza akawe mwanafunzi. Lakini kampuni nayo inauliza: bila cheti, tumwandike nani? Wote wana hoja, na hoja zao hazikutani.

Nilichofanya, kwa uchache wake

Kwenye logibuku ya binti, chini ya saini yangu, niliandika kwa mkono jina kamili la fundi na maneno "ndiye aliyemfundisha". Mwalimu wa chuo alipokuja kukagua aliuliza huyu ni nani, fomu haina nafasi ya mtu wa tatu. Nikamwambia twende karakana umwone. Akatazama viatu vyake, akasema siku nyingine.

Kisha nikaenda kwa meneja na mambo matatu. La kwanza, mabaki ya bronzi na shafti zilizokatwa yasiuzwe yote kwa vyuma chakavu, yatengwe kwa ajili ya wanafunzi kuharibu. Alikubali kabla sijamaliza, maana ni bei ndogo. La pili, barua zikija mafundi wazione na wachague wenyewe nani watakaa naye, mmoja kwa mmoja, na waliobaki tuwaambie ukweli kwamba nafasi hakuna. Hapo alisitasita, kwa sababu wengine ni watoto wa wateja. Tulipatana kwamba watoto wa wateja nao watachaguliwa, na kama hakuna fundi anayewataka nitawapokea mimi.

Maana yake mwaka ujao tutachukua wachache kuliko miaka yote. Najua mzazi aliyeko Kisauni ambaye mtoto wake amezungusha barua mji mzima hatanishukuru. Nimejiuliza kama ni afadhali miezi mitatu ya ufagio kuliko kukosa kabisa, kwa sababu bila atachi mtoto hamalizi chuo. Kwa upande wa cheti, ni afadhali ufagio. Siwezi kujidai vingine. Ila mimi sigawi cheti. Ninachoweza kugawa ni nafasi karibu na leti, na nafasi hiyo haitoshi watu kumi na wawili.

La tatu lilikuwa posho. Fundi anayekaa na mwanafunzi alipwe kitu juu ya mshahara, na saa za kufundisha ziwe na mstari wake kwenye kadi ya kazi. Meneja aliandika kwenye daftari lake, akapigia mstari, akasema tutalizungumza kwenye bajeti, mwezi wa saba.

Mwezi wa saba vijana watakuwa wameshafika nusu ya atachi yao.